Mwanamke wa Ngazini

Jumatano, 2 Aprili 2025

Mvua imeanza. Kwetu Tukuyu mvua huja kwa adabu, hutanguliza ukungu, mtu akapata nafasi ya kuanua nguo. Hapa Mombasa imemwagika saa nane mchana jua likiwa bado linawaka, na gauni langu la Jumapili limelowa kambani. Bi Maisara, mwenye nyumba anayekaa chini, alikuwa kibarazani na aliliona. Hakuniita. Au aliita, sikusikia. Naandika ili nikumbuke.

Ni mwezi wa kumi na tatu sasa tangu idara ya misheni ya kanisa letu la nyumbani inivushe mpaka wa Kenya kuja kuhudumu na kanisa hili dogo ukingoni mwa Mji wa Kale. Tuko thelathini na wanane Jumapili ikiwa nzuri: Wagiriama na Warabai wengi, familia mbili za Wakongo, mzee mmoja Mgoa aliyestaafu reli, muuguzi kutoka India, na mabaharia wa Kifilipino meli yao ikiwa bandarini. Sala ya Bwana kila mtu huisali kwa lugha yake. Tunaanza pamoja na kumaliza kila mtu kivyake, Wakongo wa mwisho siku zote. Nilipofika niliupenda sana utaratibu huo. Siku hizi nasikiliza nani hafungui mdomo.

Jumapili, 6 Aprili

Yule mwanamke alikuwepo tena.

Ukumbi wetu uko ghorofani, zamani lilikuwa ghala la kahawa. Juu ya ngazi, nje ya mlango, kuna benchi, na hapo hukaa mwanamke wa Kiislamu mwenye buibui na nikabu, macho tu ndiyo yanayoonekana. Huja na Bibi Zilpah, mama mzee wa miaka themanini na kitu ambaye haoni vizuri. Humshika mkono ngazi nzima, humkalisha kiti cha nyuma, kisha hutoka kukaa benchini mpaka ibada iishe. Mlango huachwa wazi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo kila neno analisikia.

Mwaka mzima sikumjali. Leo nilipanda kuhubiri, na kila nikiinua uso nayaona macho yale. Mtu anakaaje saa mbili na nusu juu ya ubao kama hana anachokitafuta? Kuna anayemtuma. Baada ya ibada nilimuuliza Purity, katibu wetu, ambaye hushika funguo na habari za kila mtu.

"Yule? Ah, yule ni mtu wa kwao Bibi," alisema, akaendelea kukunja kitambaa cha meza.

"Mtu wa kwao vipi? Bibi si Mkristo wa Rabai?"

"Ndiyo. Humleta, mtumishi. Humleta tu."

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye jambo la kuficha. Sikuipenda sura ile.

Jumatano, 9 Aprili

Bi Maisara ameniletea mahamri na mbaazi, sahani imefunikwa vizuri. Nimeitazama kwa muda, kisha nimempa paka wa ngazini. Paka amekula na bado ni mzima. Nimejuta kidogo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Tulizunguka jengo na makuti. Mwanamke alibaki chini, amemshikia Bibi mkoba.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeona kitu, na nitakiandika chote.

Nilikwenda kumtazama Bibi Zilpah, nimesikia anakohoa. Anakaa na mwanawe wa pekee, Kombe, mzee wa kanisa letu, anayefanya kazi ya kupakia barafu na samaki Liwatoni. Mkewe, Dama, huuza ndizi soko la Marikiti na mchana hayupo nyumbani. Nilikwenda na Elvis, mpiga kinanda wetu, maana nilitaka amwimbie Bibi wimbo mmoja. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilitangulia mimi, Elvis nyuma yangu akifunga mwavuli.

Ndani, Bibi amelala kitandani amegeukia ukuta. Kombe amekaa mkekani anakula wali. Na aliyekaa mbele yake, miguu ameinyoosha, kichwa wazi, nywele zimesukwa na kupakwa mafuta, anacheka mpaka machozi, ni mwanamke wa ngazini. Nilimtambua kwa macho. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Lakini Elvis alipoingia, alijitupia ushungi papo hapo na kugeuza uso.

Nikajiuliza, na najiuliza mpaka sasa: Elvis ni mwanamume, Kombe si mwanamume?

"Karibu, mtumishi," alisema Kombe, wala hakuacha kula. "Huyu ni Mwanakuu. Ametuletea wali wa nazi."

Mwanamke alisema "karibuni" kwa upole, akavaa buibui lake, akamwekea Bibi shuka sawasawa, akaondoka. Sikumwitikia. Njiani nilimuuliza Elvis ameonaje. Akasema wali ulinukia vizuri.

Jioni nilimuuliza Bi Maisara, kwa mbali, kama anamjua Mwanakuu. Anamjua. Ni mwalimu wa chuo, ndivyo wanavyoita hapa madrasa ya watoto; ni ile nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya ukumbi wetu, ambayo kila alasiri husikika watoto wakisoma. Mumewe, Fuad, yuko Maskati mwaka wa pili. Mume Maskati! Sasa naelewa benchi linakalikaje. Mzee wa kanisa, mtu anayegawa meza ya Bwana.

Sijamwambia Mchungaji Ngowa. Nataka kuwa na uhakika kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kombe amenawisha watu miguu katika ibada ya jioni. Nimemwangalia mikono tu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikosea! Nilikosea, na afadhali nilikosea.

Mvua ilipiga usiku kucha na benchi la ngazini likawa chepechepe. Mchungaji alimwashiria Mwanakuu aingie, akaingia, akakaa pembeni mwa Bibi Zilpah. Nilikuwa mbele, nawatazama wote. Tulipofika Sala ya Bwana, kila mtu akainama na kuanza kwa lugha yake, mimi sikuinama. Namwomba Mungu anisamehe, nilikuwa nachunga. Na nikaona kitambaa cha nikabu kikipanda na kushuka. Alikuwa anasali. Bibi anasema, na yeye anasema. Si mara moja, mpaka mwisho.

Basi kumbe si mpelelezi. Wala si mambo ya Kombe, au kama yapo ni mlango tu ambao Bwana ameupitia. Huyu mwanamke ni mwamini wa siri. Miezi yote hii amekaa kwenye ubao anakula Neno kwa masikio, na mimi napita nimekaza shingo. Ndiyo maana Purity anazungusha maneno. Wanajua, wanamficha, hata mimi wananificha.

Nilitaka kumkimbilia. Nikajizuia nisije nikamtisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Ujumbe wa Katibu wa idara: "Mwinjilisti Tusekile, baraza litakaa Juni kuangalia kama kituo cha Mombasa kiendelee. Mwenzako aliyekutangulia alituletea ubatizo wa watu kumi na wanne. Ripoti zako ni nzuri ila hazina tunda. Tuombe."

Nimeusoma mara nne. Hiyo "tuombe" ya Katibu naijua.

Jumatano, 30 Aprili

Barua ya maombi ya mwezi huu kwa idara imejiandika yenyewe. Nimeichapa kwa kompyuta ya kanisa, Purity akiwa kwenye meza nyingine. Nanakili hapa sehemu yenyewe:

"Wapendwa, moyo wangu unaruka kama ndama aliyefunguliwa zizini. Dada M., mwalimu wa chuo cha Kurani katika Mji wa Kale, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya ukumbi wetu, amempokea Bwana kwa siri. Kila Jumapili humwongoza bibi mmoja kipofu kuja kanisani, apate kulisikia Neno. Kwa macho yangu nimemwona akisali Sala ya Bwana. Mwombeeni sana, maana akigunduliwa atateswa."

Jina sikuliandika. Nimeweka herufi moja tu, kwa usalama wake.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Ukuta wa chumba umeota ukungu wa kijani.

Jumapili, 4 Mei

Alikuja, akakaa benchini. Nilipita nikamtabasamulia kwa siri, kama mtu anayejua. Alinitazama tu.

Jumatatu, 5 Mei

Katibu amepiga simu yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu nifike! Barua imesomwa makanisa yote ya wilaya. Akinamama wamefunga siku tatu kwa ajili ya Dada M. Kituo hakina wasiwasi tena. Nimelia kwa furaha, nimeteremka nikanunua mihogo ya kukaanga ufukweni, pale Mama Ngina, nikala peke yangu natazama bahari.

Jumapili, 11 Mei

Mwanakuu hakuja. Bibi Zilpah pia hakuja. Kombe alikuja, akakaa kiti cha mamake, akaondoka kabla ya chai.

Jumatano, 14 Mei

Alasiri hii nilikuwa naandika dirishani, nikahisi kuna kitu kimepungua. Watoto. Hakuna sauti ya watoto wa chuo. Nilikuwa nikiwalalamikia kila siku, na sasa ukimya huu unaniumiza kichwa zaidi.

Nilimkuta Purity anafagia ukumbi.

"Wazazi wamewatoa watoto chuoni," alisema. "Watu wasema Mwanakuu ameritadi, ameacha dini."

"Wamejuaje?" Neno lilinitoka kabla sijalipima.

Purity aliegemeza ufagio. "Wamejuaje nini, mtumishi? Kwani ni kweli?"

Nilimwacha na ufagio wake. Niliingia ofisini, nikafunga mlango. Kuna mtu amemsaliti yule dada, na aliyefanya hivyo yumo humu ndani.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeandika majina. Elvis: alimwona kichwa wazi, na mdomo wake hauna mlango. Bi Maisara: anajua kila kitu, na tangu Jumatatu haniamkui. Mchungaji Ngowa: nimemkuta anaongea na wazee wa mtaa nje ya msikiti, wakanyamaza nilipopita. Purity: alikuwa chumbani siku niliyochapa barua. Kompyuta ni ya kwake siku sita za wiki.

Nimepiga mstari chini ya Purity.

Jumapili, 18 Mei

Nimelisema mbele ya wazee wa kanisa baada ya ibada. Nilisema kuna barua ya faragha iliyokuwa ndani ya kompyuta, na kuna mtu aliyeisoma na kuitoa nje, na kwa sababu yake dada mmoja anateseka. Mchungaji aliniuliza barua gani. Nikasema ni ya idara yangu, haiwahusu. Akaniuliza basi namshuku nani. Nikamtaja.

Purity hakupiga kelele. Miaka kumi na moja ameshika funguo za ukumbi ule. Alizitoa mkobani, akaziweka mezani, akasema, "Mungu yuwaona, dada Tusekile." Hakuniita mtumishi. Kombe aliinuka akatoka bila kuaga.

Nilihisi nimefanya jambo gumu na la haki. Usiku nililala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 20 Mei

Saa tatu asubuhi Bi Maisara alipanda juu. Tangu nipange hapa hajawahi kupanda. Magoti yake mabaya. Alibisha hodi, akakaa kwenye kiti changu kimoja, akavuta pumzi mpaka ikatulia. Alikuwa ameshika simu.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Lakini nimekupa nyumba, na majirani waniuliza. Hebu nisomee hii. Miwani yangu iko chini."

Miwani yake ilikuwa kichwani. Nilichukua simu. Ilikuwa kwenye kundi la wazazi wa watoto wa chuo, ujumbe umetumwa na kutumwa tena. Nilianza kusoma kwa sauti: "Wapendwa, moyo wangu unaruka kama ndama..."

Niliishusha simu.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Maisara. "Ni Kiswahili kizuri."

Nikaendelea. Aliniacha niisome yote mpaka mlango wa kijani, mpaka bibi kipofu, mpaka "kwa macho yangu nimemwona". Mwisho kulikuwa na jina langu kamili na jina la kituo. Akinamama wa kwetu waliokuwa wanafunga waliituma kwa jamaa ili wafunge pamoja nao, jamaa wakaituma mbele, na katika siku tisa imetoka milimani kwetu ikaingia mtaa huu, nyumba kwa nyumba. Purity hakusoma kitu. Elvis hakusema kitu. Ni mimi. Mkono wangu mwenyewe.

"Herufi moja," nilisema. "Niliweka herufi moja."

"Na mlango wake, na kazi yake, na mzee wake," alisema Bi Maisara. "Ulisahau kutaja rangi ya paka tu."

Aliposhuka aliniambia nisile chakula cha nje, mvua imeharibu maji. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Jumatano, 21 Mei

Nilimfuata Kombe Liwatoni. Alikuwa anavunja barafu, gumboti mpaka magotini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye maji ya samaki. Sikumficha hata lile nililolidhani juu yake na Mwanakuu. Alisikiliza, akaweka nyundo chini.

"Mtumishi, mimi na Mwanakuu tumenyonya ziwa moja."

Nilimwomba anieleze.

"Mamake mzazi alikufa siku ya tatu baada ya kumzaa. Mamangu alikuwa akiwafulia nguo, na mimi nilikuwa kifuani, mtoto wa miezi saba. Babake, mwalimu wa chuo, alimwita mamangu akamwambia, Zilpah, huyu naye atakufa. Mamangu akamtia ziwani. Miaka miwili, mtumishi. Yeye huku, mimi huku. Kwa dini yao huyo amekuwa mamake kabisa, na mimi nduguye. Hawezi kuolewa nami. Ndiyo maana hajifuniki mbele yangu. Na mama akiwa hawezi kutembea, mtoto humpeleka anakotaka kwenda. Mama akitaka kanisani, atapelekwa kanisani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Hapa hilo hata mtoto mdogo alijua. Ni kama kukuambia bahari ina chumvi." Akainua nyundo. "Hukuuliza. Ulikuwa watutazama tu, sote. Twalijua."

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda mlango wa kijani. Nilipiga hodi mara tatu. Mwanakuu alifungua mwenyewe, uso wazi kwa kuwa mimi ni mwanamke, na hapo ndipo nilipouona kwa karibu. Ana umri kama wangu. Mistari ya kucheka pembeni mwa macho, na chini yake weusi wa kukosa usingizi. Alinikaribisha chumba cha chini, ndicho chuo chenyewe. Mikeka imekunjwa, juzuu zimepangwa rafuni, ubao umefutwa.

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, chini kuna unyevu.

"Watoto walikuwa thelathini na mmoja," alisema. "Sasa hapana hata mmoja. Chumba hiki alifundisha babangu, nami nimefundisha miaka kumi na tisa. Fuad nilimpigia Maskati kumwambia, akacheka, asema hiyo barua ya mwendawazimu. Majirani wa zamani nao wajua nampeleka mamangu. Lakini wanambia, Mwanakuu, wenye kanisa wenyewe ndio walioandika. Sisi tutawabishia vipi wenye kanisa?"

Niliuliza lililokuwa linanichoma. "Siku ya Pasaka nilikuona ukisali."

"Mamangu husahau," alisema. "Sala yake ya Kigiriama, akifika katikati neno humpotea, hulia. Nimeisikia tangu niko mgongoni mwake. Akikwama namtajia neno linalofuata, aendelea. Hilo ndilo uliloliona."

Nilisema samahani. Nililisema mara nyingi, mpaka nikasikia halina uzito.

"Mwaka mzima wanipita pale ngazini," alisema Mwanakuu. "Gauni lako lanigusa goti. Hujanambia hata sabalkheri. Ungeniuliza, weye nani, wafanya nini hapa, ningekwambia yote kabla ya kengele ya pili."

"Nifanye nini?"

"Hapa kwangu usiseme kitu. Mimi najua sikufanya. Wewe uliwaambia watu, basi kawaambie watu."

Jumapili, 25 Mei

Nilisimama mbele ya kanisa na kusoma barua yangu yote, kisha nikasema lipi ni uongo: karibu lote. Wakongo walitafsiriana kwa kunong'ona. Nikamwomba Purity msamaha kwa jina. Alichukua funguo mezani.

"Nazichukua kwa sababu ya kanisa," alisema. "Wewe bado."

Jumanne, 27 Mei

Nimemwandikia Katibu, nimemwomba marekebisho yasomwe kila mahali barua iliposomwa. Alijibu kabla ya saa kupita: "Usivunje moyo wa waombaji. Huenda Bwana amekuonyesha mbele ya wakati. Tunaweza kusema tu kwamba dada anapitia majaribu." Nikamjibu kwamba majaribu yake ni mimi. Jioni akaandika kwamba kama nitasimama hadharani kuikana barua ya idara, kituo kitafungwa na nirudi mwisho wa Juni.

Nimekaa na simu mkononi mpaka ikaisha chaji. Sikutaka kurudi. Kwetu wananisubiri kama shujaa, na nitashuka basini kama nini?

Alhamisi, 29 Mei

Nimesimama hadharani.

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, ndani ya chumba cha chuo. Wazazi walijaa mpaka nje, mvua ikiwanyeshea walio barazani. Mbele alikaa Mwalimu Athmani, mwalimu mstaafu ambaye wajukuu zake wanne walisoma hapo. Mwanakuu alikaa na wanawake. Kombe na Mchungaji Ngowa walisimama mlangoni. Bi Maisara alikuja na magoti yake. Nilidhani nitasema kwa ufasaha, hiyo ndiyo kazi yangu. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayesomeshwa.

Nilisema mimi ndiye niliyeandika. Nilisema Mwanakuu hajawahi kuniambia neno la dini, wala mimi sijawahi kumwambia.

"Barua yasema ulimwona akisali," alisema Mwalimu Athmani.

"Niliona kitambaa kikitikisika. Alikuwa anamkumbusha mamake maneno."

"Ulimsikia?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Basi uliandika kwa nini?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema ni upendo, ni shauku ya kazi. "Niliambiwa kazi yangu haina tunda," nilisema. "Nikamchukua yeye nikamfanya tunda."

Mwanamke mmoja nyuma alisema "Astaghafirullah" kwa sauti ya chini. Wazee waliinamiana, wakazungumza kwa muda. Kisha Mwalimu Athmani akasema maneno yangu yamekubaliwa, na mwalimu wao ni mwalimu wao, na watoto watarudi. Nilianza kupumua.

"Lakini," alisema, "barua imekwenda mbali, na haya ya leo hayatafika ilikofika. Watu watazidi kuiona. Kwa hivyo, Mwanakuu, mwanangu, twakuomba usikanyage tena ngazi ile. Kwa heshima yako na ya chuo."

Mwanakuu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Na mamangu?" aliuliza.

"Kanisa lina watu," alisema Mwalimu Athmani kwa upole. "Watampeleka wao."

Watu walitoka wakifungua miavuli.

Jumatatu, 2 Juni

Sauti za watoto dirishani. Nimehesabu tisa, labda kumi.

Jumatano, 4 Juni

Idara imethibitisha. Basi langu ni tarehe thelathini. Bi Maisara ameleta wali na kuku, na nimeula wote.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Kombe yuko zamu, kwa hiyo nilikwenda mimi kumchukua Bibi Zilpah. Mvua ilikuwa imekatika. Mwanakuu alikuwa ameshafika. Amemwogesha, amemvika kanga mpya na kumfunga kilemba. Nilimwambia sabalkheri. Akaitikia.

"Mshike mkono wa kulia," alisema. "Wa kushoto wamuuma. Na usimharakishe kwenye mawe." Akamkabidhi mkono kwangu, akabaki ndani ya kizingiti.

Tulitembea polepole. Bibi ana mkono mwepesi, mifupa mitupu. Kila hatua chache alikuwa anageuza kichwa nyuma, nami najua haoni. Tulipopita mlango wa kijani alisimama.

"Kombe aniambia uliwaendea watu," alisema. "Ulisema kweli mbele yao?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kweli yote?"

"Yote."

"Na wakakuamini?"

"Waliniamini."

Aligeuza uso tena kule tulikotoka.

"Basi mbona mwanangu haji?"

Nyuma yetu Wafilipino wawili walikuwa wanakuja, wamevaa mashati meupe, wakatusalimu na kutupita. Juu kinanda cha Elvis kilishaanza. Tulifika chini ya ngazi, nikamwambia Bibi ainue mguu.